Gesi Moja, Wanangu Wawili na Presha Yangu

Kwa Ndugu Meneja Mkuu wa Kiwanda,

Pokea salamu zangu, na pole kwa majukumu. Mimi ni mama mzazi wa mafundi wako wawili. Kifungua mimba wangu anasimamia upande wa spiriti; kitinda mimba anasimamia upande wa plastiki. Wote wanaishi kwangu. Ninaandika kwa heshima kukuomba unirudishie ndugu wawili, kama nilivyokukabidhi.

Kiwanda chako kina bomba moja la gesi ya etheni. Wanangu wamenieleza mara nyingi, midomo imejaa chakula. Gesi hiyo ikikutanishwa na mvuke wa maji wenye joto kali, juu ya kichocheo chake, inakuwa spiriti. Ikibanwa yenyewe kwa yenyewe kwa presha kubwa, chembe zake hushikana mikono zikawa mnyororo mrefu, ndiyo plastiki. Sina ugomvi na elimu hiyo. Ugomvi wangu ni mkutano wako wa mwezi uliopita, uliposimama juu ya kreti ukatangaza kwamba kiwandani sote ni familia moja, kisha kwa pumzi ileile ukasema upande utakaozalisha zaidi ndio utakaotoa naibu wako. Tangu hapo:

1. Gesi haitoshi. Mkubwa anamwambia mdogo wake, "Nikienda kunywa chai tu, unavutia gesi yote kwako." Mdogo anajibu, "Gesi haina jina la mtu, kaka." Haya yote mezani kwangu, mboga inapoa.

2. Mkubwa amegoma kukalia kiti cha plastiki. Anakula amesimama kama mgambo. Mdogo naye alipojikata kidole, alikataa kidonda kiguswe na spiriti. "Bora kioze!" Mtu mzima, ana ndevu.

3. Mkwe wangu, mke wa mkubwa, aliingia nyumba hii mpole kama maji ya mtungini. Sasa ni mpelelezi. "Shemeji, leo mmetoa magunia mangapi?" anauliza kwa sauti ya asali, kisha habari inafika chumbani kabla chai haijamiminwa.

4. Mifuko ya plastiki ya kiwanda chako imezidi, na mtaro wa mlangoni kwangu umeziba. Nilipokuja kuomba watu wa kuuzibua, ofisini kwako niliambiwa mfuko ukishatoka getini si wenu tena. Nimewaonea wivu. Mimi vyangu vikitoka mlangoni asubuhi, jioni vinarudi vimenuna.

5. Mjomba wao alikuja kusuluhisha. Kabla hata ya kusalimia, akavuta kiti cha plastiki akakaa. Mkubwa akatoka nje. Mjomba akainuka kumfuata, mdogo akasema, "Kumbe mjomba una upande." Mzee wa watu akaondoka bila kula, na kuku nilikuwa nimeshamchinja.

6. Gesi yako inahitaji presha ili izae plastiki. Ndugu Meneja, presha hiyo nimeipata mimi. Daktari amenipima mara mbili, akidhani mashine yake ni mbovu.

Kwa hiyo naomba ama uwape unaibu wote wawili, ama uwanyime wote wawili. Kama hayo yanakushinda, njoo ulale kwangu wiki moja uwe naibu wangu, uone familia inavyoendeshwa. Ukirudi juu ya kreti utakuwa na hotuba fupi zaidi.

Nisalimie walinzi wa getini, mama wa kantini, na mkeo, ambaye bila shaka ana nyumba tulivu.

Wako katika mashaka,
Mama wa Spiriti na Plastiki

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, wameingia wote wawili wamekumbatiana. Wamepatana! Wamegundua kwamba spiriti ya mmoja ikitiwa katika chupa za mwenzake inauzika, na wanafungua biashara hapa nyumbani. Stoo ni chumba changu. Mimi nitalala sebuleni, "kwa muda tu, mama." Mkwe ameshang'oa pazia langu. Tafadhali yachane yote niliyoandika hapo juu, na kesho mapema, kabla mzigo haujafika, nakuomba kwa unyenyekevu uwagombanishe tena.