Muuza Magonjwa wa Huruma

Kimanzi alikuwa keateka wa ghorofa moja huko mtaani Huruma, na kazi ya kutunza nyumba za watu ilimrithisha vyote walivyoacha wapangaji waliohama: ndoo zilizotoboka, picha za harusi zilizokwisha kuvunjika, na kadi za kliniki. Kadi hizo alizitupa kwenye droo bila kujua faida yake, mpaka Ijumaa moja asubuhi alipokuwa akinywa chai kibandani, mkabala na kituo cha afya ambacho tutakisitiri jina, akawasikia wanafunzi wa uuguzi wakilalamika.

Walikuwa na madaftari ya mazoezi, kila moja na nafasi za kujazwa: mgonjwa wa presha aliyepewa dawa, wa sukari, wa pumu. Saa kumi na moja jioni madaftari yalitakiwa mezani kwa mwalimu wao, Madam Mbeti. Atakayebakiza nafasi wazi hafanyi mtihani wa mwisho. Angoje mwaka mzima.

Kimanzi aliweka kikombe chini taratibu, kwa heshima zote za ibada.

"Niaje, madaktari wangu? Nasikia mnakosa wagonjwa. Mnataka wa nini?"

"Wa sukari," akajibu Okinyi, kijana ambaye mdomo wake hutangulia kichwa.

"Mimi presha na sukari," Nafula akadakia.

"Presha iko. Sukari ziko mbili. Kadi ni original, mihuri yote. Mia tatu kila ugonjwa, na mgonjwa wangu haulizi maswali, hatapiki, hana shemeji wa kuja kugomba wodini." Akamgeukia msichana aliyejiinamia na kitabu cha dawa. "Na wewe, sista?"

Huyo alikuwa Wavinya. Alibakiza nafasi moja tu: mgonjwa aliyezidisha dawa. Wenzake walimhudumia mmoja mwezi uliopita, yeye akiwa kwao Mwingi kumzika nyanya yake. Tangu arudi, watu wa mitaa ya Eastlands walikuwa wakimeza dawa kwa nidhamu ya kuudhi. Na nyumbani mama yake alishamwambia wazi: karo ya mwaka mwingine haipo.

"Sinunui wagonjwa," akasema.

Kimanzi alimhurumia. Watu waaminifu walimtia simanzi sana.

Biashara ilikuwa na mfuko wa pili. Kila mgonjwa hupewa vidonge vya mwezi mzima, na nje ya ua alisimama Owiti, ambaye huuza dawa katika mtaa wa Mukuru kwa Reuben, moja moja kama peremende. Yeye angepokea pakiti kupitia kwenye waya na kulipa mwisho wa siku.

Saa nne Kimanzi akawa Simiyu, mgonjwa wa sukari. Okinyi hakumpima, maana aliyenunua mgonjwa huona amemaliza kazi. Wala hakumuuliza jina, alimwambia, "Wewe ndiye Simiyu, sivyo?" kosa ambalo Madam Mbeti aliwakataza tangu wiki ya kwanza. Saa sita Kimanzi alivaa kofia akawa Munyoki, mwenye presha na, bila kuulizwa, mke mkorofi. Nafula naye akaandika, akapiga mstari. Pakiti zote mbili zikapita kwenye waya.

Saa tisa alirudi akiwa Walter, mgonjwa wa sukari wa Nafula. Lakini Nafula alikuwa ametumwa stoo, na kwenye meza ya dawa alikuwa ameketi Wavinya.

"Jina lako kamili?"

"Si limeandikwa hapo, sista?"

"Kadi haimezi dawa. Niambie wewe."

"Sim... Walter."

"Walter nani?"

Kimanzi alinyoosha shingo aisome kadi. Wavinya aliifunika kwa kiganja.

"Asubuhi nilikuona ukipewa vidonge thelathini vya sukari. Mchana ukapewa thelathini vya presha. Mgonjwa akirudi tunahesabu vilivyobaki. Vitoe, mzee."

Madam Mbeti alikuwa amesimama mlangoni. Kimanzi alifikiri upesi, kwa upesi uliomlisha miaka ishirini. Akisema ameviuza, ni polisi. Akisema vimepotea, vyote sitini, nani atamwamini?

"Nimevimeza," akasema.

"Vyote?"

"Vyote. Sasa hivi, nyuma ya tangi la maji. Nilikuwa na haraka ya kupona."

Wavinya alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Madam! Amemeza vidonge sitini, sukari na presha!"

Kimanzi alijikuta kitandani kabla hajamaliza kusema ni mzaha. Mmoja alimfungua shati, mwingine alimchoma sindano ya maji mkononi, na Wavinya akamletea kikombe cha unga wa mkaa wa kunyonya sumu tumboni, uliokorogwa, mweusi tii.

"Sikumeza! Haki ya Mungu, nilidanganya!"

"Basi viko wapi?" akauliza Madam Mbeti.

Kimanzi aligeukia dirishani. Nje, Owiti alikuwa akiondoka na pakiti zote mfukoni, kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka chungu motoni.

"Yule pale! Anatoroka na dawa!"

Madam Mbeti hakugeuka. "Ameanza kuweweseka. Wavinya, andika, hiyo ni dalili."

Kimanzi alimshika Wavinya mkono. "Sista, wewe unajua sikumeza."

"Sijui, mzee. Vidonge sitini sivioni. Nikikuamini na kumbe ulimeza, usiku huu unakufa, na nitakuwa nimekuua mimi." Akamsogezea kikombe. "Kunywa."

Kimanzi alikipokea. Alikunywa.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi Madam Mbeti alitia sahihi kwenye nafasi ya mwisho ya Wavinya, na msichana akatoka nje kumpigia mama yake simu, akicheka na kulia pamoja. Kisha Madam akafungua madaftari ya wengine. Simiyu akafutwa kwa wino mwekundu. Munyoki akafutwa.

"Okinyi, Nafula. Mtakesha na mgonjwa huyu hadi asubuhi. Kila nusu saa mumtoboe kidole, mumpime sukari, muandike. Mkiruka hata mara moja, tuonane mwakani."

Okinyi alivuta kiti, akashika kidole cha kwanza cha Kimanzi, akainama sikioni.

"Na ile mia tatu yangu?"

Kimanzi hajawahi kumrudishia mtu pesa tangu azaliwe. Aliitazama sindano, akahesabu vidole vyake, akahesabu nusu saa zilizobaki mpaka kuche.

"Iko mfuko wa suruali," akasema. "Chukua na ya Nafula."