Cheti cha Udongo Usioshika Maji

Yule waliyemwita Kipimo hakuwahi kupima kitu maishani mwake isipokuwa upana wa madirisha ya watu, na hayo ni ya zamani, tuyaache. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye kibanda cha chai alipowasikia wakulima wa vitunguu wakibishana. Kamati ya mfereji ilikuwa imetangaza zamu mpya za kumwagilia: shamba ambalo udongo wake unashika maji litapata zamu mara moja kwa wiki, na lisiloshika litapata kila baada ya siku mbili. Kila mtu alete cheti cha vipimo. Vipimo vyenyewe vinafanywa na nani, kamati haikusema.

Kipimo akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyeitwa na wito wake.

Tusimwonee, alikuwa na shida ya kweli. Mkewe alikuwa amerudi kwao, na mama mkwe alisimama mlangoni mbele ya majirani akamwambia kwamba binti yake hatoki mle ndani mpaka mume awe na kitu kimoja kisichokimbia. Maana mali yote ya Kipimo ilikuwa pikipiki. Na alimpenda mkewe, jamani. Usiku alilala upande wake tu wa kitanda, ule mwingine hakuugusa.

Kesho yake alifungua ofisi kwenye chumba kilichokuwa cha kinyozi, kioo bado kikiwa ukutani. Koti jeupe aliazima kwa muuza nyama, doa akalifunika kwa kalamu mbili mfukoni. Muhuri aliuchonga kwenye soli ya kandambili. Mtambo ulikuwa kopo lililotobolewa kitako, na bakuli chini yake. Unatia udongo mkavu, unamimina kikombe kimoja cha maji, unangoja. Yanayodondoka yamekupita, yasiyodondoka udongo umeyashika. Hapo hapana uongo, hata wewe unaweza kujaribu nyumbani. Uongo ulikuwa ndani ya mkono wa koti, kwenye sponji iliyolowa chepechepe. Kipimo akikohoa na kuinama, bakuli linajaa.

Sijapata kuona watu wakifurahi hivyo kutukaniwa ardhi yao. Mzee mmoja aliambiwa shamba lake si shamba, ni chekeche. Akampa mkono kwa mikono miwili na kumwachia jogoo. Wiki haikuisha, chumba kilikuwa na kuku, magunia ya vitunguu, na redio isiyo na betri.

Ndipo akaja Mama Mitungi, mfinyanzi, udongo wake kaubeba kichwani ndani ya chungu. Udongo mweusi, laini, unautamani hata kuulalia. Kipimo akamimina, akakohoa, akaandika: haushiki maji hata tone. Akagonga muhuri. Mama akashukuru, akaenda zake na cheti.

Jioni, akiosha vyombo, Kipimo akagundua kwamba kopo lenye udongo wa Mama Mitungi halikuwa limevuja kabisa. Akaongeza kikombe cha pili. Kimya. Cha tatu ndicho kilichotoa matone mawili, tena kwa kusitasita. Udongo kama huu haukimbii, alijisemea, na mwenyewe hajui alichonacho.

Alfajiri alikuwa mlangoni kwa Mama Mitungi, uso wa msiba. Akamweleza kwamba hakulala kwa huruma, na kwamba kwa moyo wake laini yuko tayari kumtua mzigo wa shamba lile bovu. Mama akajifuta jicho kwa upindo wa nguo. Akasema yeye hana makuu, shingo tu imemchoka kwa kubeba mitungi kwenda sokoni. Kisha akaitazama pikipiki, akaitazama kwa muda mrefu.

Wakaenda kuliona shamba. Ukilitazama kutoka ukingo wa mfereji, lilikuwa jeusi, limelowa, mwanzo hadi mwisho. Kipimo akataka kushuka akalikanyage. Mama akamshika mkono wa koti.

"Mwanangu, udongo uwahi ungali maji," akamwambia kwa upole. "Mwenyekiti wa kamati anasafiri saa tatu, na ndiye shahidi wetu."

Mkono wa koti ukatiririka kidogo. Mama akajipangusa kiganja asiulize kitu.

Saa tatu kasoro walikuwa wamebadilishana, shamba kwa pikipiki, na Mama Mitungi akaondoka juu ya pikipiki, kumbe anaendesha kuliko mwenye nayo. Mwenyekiti hakuwa na safari yoyote. Alikuwa kwake anapukuchua mahindi, na hapo alibaki mpaka kazi ikaisha.

Saa sita Kipimo alimleta mkewe na mama mkwe, koti limepigwa pasi. Njiani alikwisha kugawa shamba: hapa vitunguu, pale nyumba. Walipofika ukingoni akanyoosha mkono, na mkono ukabaki hewani. Jua lilikuwa limefanya kazi yake. Shamba lilikuwa jeupe pee, changarawe tupu, mende asingepata pa kujificha. Jirani aliyekuwa akipalilia akauliza kama wanamfahamu Mama Mitungi, maana tangu usiku wa manane alikuwa akimwaga maji pale, mitungi arobaini, na yeye alidhani mama wa watu amepagawa. Udongo wake mzuri, akaongeza, huwa anauchota bondeni anakochimba wa kufinyangia.

Mwenyekiti akatokea, anazunguka na daftari la zamu. Kipimo akamkimbilia, akalia kwamba ametapeliwa, udongo huu haushiki maji.

Mwenyekiti akatoa cheti alichokabidhiwa na Mama Mitungi. "Haushiki maji hata tone," akasoma. "Muhuri wako huu?"

"Ni wangu."

"Sasa amekudanganya wapi? Siku zote nasikia vyeti vyako ni vya uongo, kumbe kimoja ni cha kweli." Akaandika zamu: kila baada ya siku mbili.

Mkewe alicheka mpaka akaketi chini, kisha akamtazama kwa macho yaliyokaribia kumhurumia. Lakini mama mkwe alikwisha kuinama. Alichota changarawe, akakunja ngumi, akaiacha imwagike yote katikati ya vidole.

"Nilikwambia kisichokimbia," akasema, akamshika binti yake mkono wakarudi kwao.