Naomba Cheti Kwamba Mjukuu Wangu Hafai Golini

Ibra, Jumatatu, Machi 2008

Kwa Mheshimiwa Humoud bin Marhoun,
Mwenyekiti wa Kamati ya Kupima Wachezaji Vijana

Mheshimiwa mdogo wangu,

Assalamu alaykum. Nakuandikia kwa cheo chako na si kwa udugu wetu wa upande wa mama, ingawa winda zako nimezifunga mimi, kule Vuga kisiwani, kabla hatujahamia huku, na hadi leo ukinikuta mlangoni unanipa shikamoo kabla hujavua viatu. Simu nimeona haifai kwa jambo hili. Kwenye simu unacheka, kisha unaniuliza habari za sukari yangu. Barua utalazimika kuisoma.

Jambo lenyewe ni Adham, mtoto wa marehemu binti yangu, niliyemlea tangu ana miaka mitatu, na ambaye Kamati yako imemweka kipa wa akiba msimu wa nne sasa. Mimi sina ugomvi na mpira. Ugomvi wangu ni na neno mustakbali, ambalo nyinyi watu watano mnaokutana kwako kila Jumanne mnaligawa kama halwa ya arusi: kila apitaye anapata kipande na hapana anayeshiba. Nimeyatia malalamiko yangu nambari ili usije ukasema hukunielewa.

1. Msimu ule wa mwanzo mlimleta mtaalamu kutoka nje. Akampima Adham mikono kwa futi kama anayetaka kumshonea kanzu, akamtazama akiruka mara nne, akaandika kwamba kijana ana uwezo mkubwa uliofichika. Karatasi hiyo Adham ameitia fremu. Mimi nimekaa naye miaka ishirini na mbili katika nyumba ya vyumba vinne, hapana pembe nisiyoifagia, na huo uwezo sijaukuta. Mtaalamu alikaa Ibra siku mbili, moja kati yake alikuwa anaumwa na tumbo.

2. Katibu wako, Bwana Suud, aliposikia hayo akasema na yeye aliliona zamani, kwa sababu kijana ana macho ya kipa. Mwengine akaongeza kwamba umbo lake ni la babu yake mzaa mama. Humoud, unamjua mume wangu, Mungu amrehemu. Alikuwa karani wa posta, na maisha yake yote hakupata kukimbia ila siku moja, na siku hiyo alikuwa anamkimbia mbwa.

3. Kwa misimu yote hii Adham amecheza dakika tisa. Ilikuwa mjini Sur, pale Anas, kipa wenu wa kwanza, alipokazwa na misuli ya mguu. Mpira ulimfikia Adham mara moja. Akaupiga teke, ukatoka nje. Basi tangu siku hiyo sipumziki na teke lile. Nalisikia arusini, nalisikia matangani, nimelisikia hata kliniki nikiwa nangojea kupimwa damu: mmeona utulivu wake? Na kila Anas anapofungwa, Adham ndiye anayepanda. Anas akifungwa mawili, watu husema laiti angekuwemo Adham. Akifungwa manne, Adham huwa kipa bora wa mkoa mzima wa Sharqiya, naye muda wote huo yuko kitako anamenya karanga. Sijapata kuona kazi ambayo mtu hupandishwa cheo kwa kutoifanya, na mimi nimeolewa na mtu wa serikali. Mwaka huu mmemleta na kipa mwengine, Yazeed, wa miaka kumi na minane, na mmetangaza kwamba yeye mustakbali wake ni mkubwa zaidi. Bila shaka. Hana hata hizo dakika tisa za kumharibia.

4. Waliosema akiba haiozi hawakumwona mjukuu wangu. Mwezi wa Oktoba tulikwenda Nizwa kumposea Ghalia binti Hashil, msichana mwenye adabu na shahada, na nilijua kwamba wanapendana tangu walipokuwa wakisoma pamoja. Hashil alitupokea vizuri. Akamuuliza Adham anafanya kazi gani. Ningelikuwa mimi ningesema nasaidia dukani kwa mjomba, ambayo ndiyo kweli. Yeye akajibu kwamba ni kipa. Hashil akafurahi, akauliza ni kipa wa kwanza? Adham akasema wa akiba, lakini ana mustakbali, Kamati imesema. Hashil akamtilia kahawa, akangoja aimalize, ndipo akasema kwa upole kabisa:

"Basi na binti yangu naye acheni kwanza akae benchi."

Tulirudi Ibra mwendo wa saa mbili. Yule mtu hakututukana, Humoud. Alitumia hesabu zenu.

5. Mwezi wa Januari kulitokea kazi katika kituo cha wageni Ras al Jinz, kuwaongoza wageni wakawatazame kasa. Kiingereza cha Adham ni kizuri, Kiarabu ndicho chake, na hata Kiswahili changu kidogo kimemkaa. Wakampenda, wakamwita. Akawajibu hawezi, kwa kuwa mazoezi ni Ibra mara tatu kwa wiki. Nilipomkalisha nikamuuliza mpaka lini, akaniambia, "Bibi, msimu huu ndio wangu. Ammi Humoud kanambia mwenyewe." Nilikwenda Ras al Jinz peke yangu na Buthaina, binti ya ndugu yangu, aliyeniendesha, ili niwaombe radhi watu wale kwa uso wangu. Wakatuonyesha kasa. Anapanda pwani, anafukua, anataga mayai yapata mia, anayafukia, anarudi zake majini. Hata moja hakuliambia kwamba lina mustakbali. Nikasema moyoni mwangu, huyu ana akili kuliko kamati.

6. Sasa nakuja kwenye lililonishikisha kalamu. Fainali ya kombe Ijumaa iliyopita na watu wa Sur, Anas alikuwa amevunjika kidole gumba. Mji mzima ulijua. Adham alisali alfajiri, akakaa hakulala tena, akanibusu kichwa, akaniambia leo ndio leo. Nilimpigia simu hata mjomba wake afunge duka aende akamtazame. Nanyi mkamtia golini Anas na kidole kilichofungwa bendeji kama cha maiti! Akafungwa matatu.

Adham alirudi kabla ya magharibi. Aliiegesha gari nje, akabaki ndani ya gari. Nilimtazama dirishani. Hakuwa akilia, alikuwa amezivaa glavu zake na mikono ipo juu ya usukani. Alipoingia akanipa jezi niifue, kama kila Ijumaa. Misimu minne nafua jezi isiyo na vumbi. Ile niliifua mara mbili, na sijui kwa nini.

Nilikupigia kukuuliza. Ukanambia, "Dada Ghaniya, yule tunamhifadhi." Achari ndiyo huhifadhiwa, Humoud. Ama mnaamini kwamba kijana anafaa, basi mngempanga siku ile mwenziwe hana kidole. Ama hamuamini, na mmekuwa mkimdanganya kwa sababu ni rahisi kumwambia mtu mwakani kuliko kumwambia hapana, na kwa sababu timu yenye kipa wa akiba mwenye mustakbali hujiona tajiri.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naiomba Kamati yako inipatie cheti rasmi, chenye saini za wajumbe wote watano na muhuri wa timu, kinachosema waziwazi kwamba Adham hana uwezo golini, uliojitokeza wala uliofichika, na hatarajiwi kuupata. Naomba nakala tatu: moja nimpe mwenyewe, ya pili niipeleke Nizwa kwa Hashil, na ya tatu Ras al Jinz, ambako nafasi bado haijajazwa. Mkikosa ushahidi, mimi shahidi. Juzi nilimrushia ndimu tano jikoni, alidaka mbili. Maneno haya nimeshamwambia mkeo Rumaitha kwa simu akufikishie, ili cheti kianze kuandikwa barua hii ikiwa njiani.

Nisalimie Rumaitha na watoto, na mama mkwe wako akinikumbuka. Wajumbe wote wape salamu, na Bwana Suud mwambie macho yangu pia yalipata kusifiwa zamani, wala hakuna aliyenitia golini.

Ni mimi dada yako, mwenye kukutakia kheri,

Ghaniya binti Soud

Tanbihi. Barua hii ilikuwa bado imo ndani ya bahasha pale Rumaitha aliponiletea cheti chenu leo Jumatano. Nimekisoma. Kwamba Kamati imekaa na kuridhika kwamba Adham hafai, na saini tano chini yake. Tano, Humoud, na hakuna hata mmoja aliyebisha? Mlikaa muda gani, dakika kumi? Nyinyi mnamjua wapi, nyinyi mliomwonyesha mpira mara moja kwa miaka minne? Nakala zote tatu nimezichana. Adham hajaziona wala hataziona, na ukimtajia nitakwenda kukushitaki kwa mama mkwe wako. Ijumaa kuna mechi, mpangeni. Nitakuja na Buthaina, mtuwekee viti nyuma ya goli. Na kazi ya kasa mpeni Anas, mpaka kidole kipone. Ikiwa kuna mtu wa kusema kwamba mjukuu wangu hafai, mtu huyo ni mimi, na mimi nilikuwa na hasira.