Vita vya Sleyum na Betri ya Gari-Nyumba

Jongeeni, enyi watu wa Bawshar, nanyi mlio nyuma ya majabali kule Al Amerat, zimeni tivii, wekeni simu kando, mkae kitako. Maana nakusimulieni habari za Sleyum bin Taimur, simba wa bisibisi, mteule wa fyuzi, aliyepigana na betri asikimbie. Nami ni Mazoon, nduguye wa tumbo moja, niliyeyaona yote kwa macho yangu kutoka kizingitini, kikombe cha kahawa mkononi, na anayebisha aje anambie usoni.

Gari-nyumba, kwa asiyejua, ni gari kubwa lenye kitanda, jiko na friji ndani, na juu ya paa lake pana paneli ya sola inayokusanya jua na kuitia betri chaji. Sleyum alilinunua kwa ajili ya mama yetu, Bi Kheiria, ambaye tangu baba alipofariki hakuvuka mlango ila kwenda hospitali. Alitaka kumpeleka Yiti, akalale pwani, apate hewa. Sote tulitamani hivyo, mimi kuliko wote, kwani nyumba ilikuwa imenyamaza mno.

Mama akatoa masharti yake, kama malkia aamrishaye majeshi: "Nna sukari miye, mwanangu. Sindano zangu zataka baridi usiku kucha. Friji lako likiamka na baridi yake bila ya waya wa nyumbani, nitakwenda. Likizimika, usinambie tena habari za Yiti. Na achari ya ndimu iwepo, samaki bila ya achari mie simli."

Usiku wa kwanza betri ikafa.

Lo! Nani aweza kuzieleza ghadhabu za shujaa alipolifungua friji alfajiri akakuta joto la kwapa? Kila jioni akirudi kutoka ofisini alivua kanzu, akajifunga kikoi, akaingia vitani: akasugua kutu kwenye vichwa vya betri, akabadilisha fyuzi, akafuata waya mmoja mmoja kama mtu atafutaye chawa, akanunua betri mpya kabisa. Wapi! Kila jioni alipanda paani, akaikuta paneli safi, yang'aa, haina hata vumbi, akashuka amechanganyikiwa.

"Ewe betri!" akanguruma, kipimo cha umeme mkononi. "Ewe nduli usiye na haya! Nimekuvisha waya mpya, nimekusugua kwa mikono yangu hii, nawe wanifedhehesha mbele ya mamangu? Wallahi, sinywi chai mpaka taa yako iwe kijani!"

"Chai ishapoa," akajibu Hamdiya, mkewe, kutoka jikoni. "Na kwa kelele hizo majirani watasema wanipiga."

Mwishowe mama mwenyewe akaenda kulishika friji, akalikuta vuguvugu. "Umejitahidi, mwanangu," akasema kwa upole. "Liuze tu." Upole ule ulimuua kaka yangu kuliko matusi. Akakaa kwenye kidato cha gari, kichwa chini, nami niliyemtania tangu utotoni nikamsogezea kikombe changu cha kahawa. Roho iliniuma.

Lakini simba hafi kwa jeraha moja! Kesho yake akaomba ruhusa kazini, akarudi mchana jua likiwa utosini, akapanda ngazi, na ukelele alioupiga ulitikisa mtaa mzima.

Kwani juu ya paneli, kutoka ukingo hadi ukingo, jeshi la adui lilikuwa limepiga kambi: nyungo kwa nyungo za ndimu zilizotiwa chumvi!

"Hamdiyaaa!"

Hamdiya akatoka mbio, unga mikononi. "Usizishike kwa jasho lako, zitaota ukungu!"

"Ni wewe?"

"Nani tena? Mama kataka achari, na achari yataka jua lisilo kivuli. Chini kuna paka, na ukuta wa jirani. Huko kwako kuna kioo kinachochemka, pazuri ajabu! Nazianika ukishaondoka, naziteremsha alasiri zisipate umande."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sleyum hakucheka. Jua ni moja, paa ni moja, na mama ni mmoja anayetaka yote mawili. Akashuka polepole, akaitazama saluni yake nyeupe, motokaa ya kwendea kazini, anayoiosha kwa mkono wake, ambayo hata mimi sikuruhusiwa kuiegemea. Akavuta pumzi ndefu.

"Zilete ndimu," akasema. "Zianike juu ya boneti."

"Boneti ya gari lako? Una homa?"

"Zilete, mke wangu, kabla moyo wangu haujageuka! Rangi na ibabuke, chumvi na itiririke, lakini mama atakwenda Yiti!" Kisha akageuza uso asione.

Siku iliyofuata jua likashinda juu ya paneli bila mpinzani, taa ikawa kijani, na usiku friji likaachwa bila waya. Alfajiri ya Ijumaa tulijipanga sote. Mama akafungua mlango wa friji, akatia mkono, akauacha humo muda mrefu, kisha akauweka shavuni mwa Sleyum, naye akaruka kwa baridi kama aliyechomwa sindano.

Basi na itajwe Ijumaa hiyo, enyi mnaonisikia, palipo na wake na waume, kwamba Sleyum bin Taimur aliishinda betri. Nami nilipiga vigelegele vya ushindi mpaka mama akaziba masikio.

"Sasa mmesimama mnatazama nini?" akasema. "Nleteeni buibui langu."