Plau ya Ushirika na Trekta la Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mama mkwe ana shida. Alhamdulillahi! Siyo kwamba naifurahia shida yake. Nafurahi ameileta kwangu. Kwa kawaida shida zote za ukweni huenda kwa Évode, mume wa dada yake mke wangu Uwineza, kwa sababu Évode ana kazi ghalani huko Masoro na kitambulisho anachokivaa shingoni hata harusini. Mimi ni fundi cherehani wa Batsinda. Watu wananikumbuka zipu zikikatika.

Shida yenyewe: shamba lake la bondeni halijalimwa, na mvua ikilikuta hivyo, ushirika unampa mtu mwingine. Trekta kuukuu la marehemu baba mkwe bado linawaka, likibembelezwa. Plau yake imeliwa na kutu. Mama Kanyange, ndiye mama mkwe, ameazima nyingine kwa Scovia, mwenyekiti wa ushirika, lakini haishikani na trekta. Plau ina pini nene. Mikono ya trekta ina matundu membamba.

Nimemwambia aniachie mimi. Kitu kisichoenea! Si ndiyo kazi yangu ya kila siku?

Jumanne, 9 Septemba

Évode kapita jioni. Hakuitwa. Kainama, kachungulia, kasema, "Shemeji, pini iko kubwa, tundu iko kidogo. Toa pini, weka nyembamba. Basi."

Basi? Nimefikiri siku nzima na yeye anasema basi! Mtu hampi mwenzake jibu bure hivyo. Ni mtego. Nikizitoa pini za ushirika, atakwenda kusema nimeharibu mali ya watu. Nimemshukuru kwa ubaridi.

Mpango wangu: fremu ya chuma ikae katikati. Mbele pini nyembamba, nyuma matundu manene. Kama kuongeza kitambaa kwenye kiuno cha suruali. Nimepima trekta kwa tepu yangu. Kiuno kipana sana.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimechanganyikiwa.

Nilimpelekea Munyakazi, fundi wa kuchomelea, karatasi niliyoikata mwenyewe, na nafasi ya mshono pande zote kama ada. Akauliza akate kwenye mstari wa chaki au ukingoni. Nikasema ukingoni, bila shaka. Akauliza nani atakuja kuishona. Nilidhani ni utani.

Fremu imetoka kubwa kama kitanda. Chuma hakikunjwi pindo! Hili sikuliwaza. Munyakazi amekata, amechomelea upya, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Tulipoifunga, plau ikakaa kando, kushoto kabisa kwa trekta, kama mke aliyenuna njiani. Kumbe nilichora upande wa ndani wa kitambaa. Nikamwambia aigeuze tu. Akaigeuza. Plau ikatazama mbinguni. Tukaigeuza tena. Ikarudi kushoto. Kitu kina pande mbili. Huu wa tatu umetoka wapi?

Jumamosi, 13 Septemba

Uamuzi: ikae kushoto. Nitaendesha nikiwa nimesogea kulia. Ili isitikisike, Munyakazi ameichomelea moja kwa moja, huku kwenye plau, huku kwenye mikono ya trekta. Imara sana!

Scovia alikuja kutazama. Akauliza itatokaje siku wanachama wengine wakiitaka. Swali zuri. Sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia nguo nzuri haishonwi ili ivuliwe. Akaketi juu ya jiwe. "Mana yanjye," akasema, yaani Mungu wangu.

Uwineza ameniuliza kama nina hakika. Nimemwambia ninayo. Nilikuwa natafuta chaki wakati huo.

Jumapili, 14 Septemba

Siku ya majaribio. Wakwe wote walikuwepo. Évode na kitambulisho chake, Jumapili!

Nikaliwasha, nikatoka getini, nikateremka bondeni. Watu wakapiga kelele njia nzima. Nikawapungia mkono. Baadaye nimeelezwa kwamba plau haikuwa imenyanyuka, kwa sababu fremu inaizuia mikono kupanda. Kuna mfereji mmoja, umenyooka vizuri, kutoka kwa mama mkwe hadi shambani. Katikati ya barabara.

Shambani nilikuwa mwangalifu mno. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kando kando ya mpaka wetu. Lakini plau ilikuwa nje ya mpaka. Shamba letu nimelikanyaga tu. Nililolilima ni la Scovia, na viazi vitamu vyake bado vimo ndani. Vilikuwa vinaruka.

Mama mkwe akaja mpaka kwenye gurudumu.

"Mkwe wangu," akasema, "shuka."

Nikashuka. Hakunigombeza. Alikuwa anatazama mawingu yanayojikusanya upande wa Jali, na mikono yake ameifungia ndani ya kitenge. Angenigombeza ingekuwa afadhali.

Jumatatu, 15 Septemba

Évode ameomba ruhusa kazini. Munyakazi kaikata fremu yangu vipande vipande. Évode katoa pini nene, kaweka nyembamba. Basi. Neno lile lile.

Shamba lote limelimwa leo. Mvua imeanza wakati anamalizia kona ya mwisho, na mama mkwe akasimama humo humo mvuani akicheka kama msichana. Nilifurahi. Kweli nilifurahi, nikapiga makofi. Shamba ni lake bado.

Jioni Évode kapewa paja la kuku. Mimi nimepewa viazi vitamu. Navifahamu.

Nimejaribu kumweleza Uwineza kwamba bila fremu yangu kusingekuwa na kitu cha kukata, na bila kukata Évode asingeomba ruhusa, na bila ruhusa shamba lisingelimwa. Kwa hiyo nani amelilima? Amezima taa.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimemaliza kufukia mfereji wa barabarani. Kwa jembe, peke yangu. Watoto walikuwa wananiuliza bomba linapita lini.

Scovia ameleta tela la ushirika uani kwa mama mkwe, la kubebea mbolea. Évode atalifunga kwenye trekta Jumamosi. Amesema mtu yeyote asiliguse, na aliposema "mtu yeyote" alinikazia macho mimi. Nadhani ananiomba nililinde.

Nimekwenda kulitazama. Tela lina pete. Trekta lina ndoano. Vinaingiana bila taabu yoyote. Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka. Kitu kinachoingia kirahisi namna hiyo si kitatoka kirahisi, tena mlimani, na mbolea juu? Évode hajalifikiria hilo. Inabidi ndoano ishushwe kidogo, nami nina siku nzima kabla yake.

Nimeshafungua bolti mbili chini ya trekta. Ya pili imetoa mafuta, mengi, meusi, na bado yanatoka. Maskini trekta, miaka yote hiyo lilikuwa limebanwa hivyo! Kesho litakuwa jepesi.