Mama wa Mtungi Niliyemdhania Mwigizaji

Leo aibu imenipata mchana kweupe, mbele ya watu kumi na wanne na mbuzi mmoja. Nawahadithia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine. Kakuma ninavyoijua, kesho asubuhi kisa hiki kitakuwa kimefika Lokichoggio kikiwa kimetiwa chumvi nyingi.

Wengi wenu humu jukwaani mnajua nilipata kazi ya mapokezi kwenye shirika moja dogo linalotengeneza visima. (Jina nalihifadhi. Kazi bado naihitaji.) Niko kwenye majaribio, na mwisho wa mwezi ndipo bosi wangu ataamua kama nabaki au narudi nyumbani. Wiki mbili zilizopita tulipelekwa Lodwar kwa semina: namna ya kumtuliza mtu anayezua fujo ofisini au mbele ya watu. Mkufunzi alikuwa bwana wa suti, sauti ya taratibu kama anabembeleza mtoto. Usipaze sauti. Usimsimamie mtu usoni. Rudia maneno yake ajue umemsikia. Nikaandika yote. Halafu jioni ya mwisho, tukiwa tumeshashika mabegi, akatutupia hili:

"Ndani ya wiki mbili nitamtuma mtu ofisini kwenu. Atazua fujo. Hamtamjua. Lakini mimi nitajua mmefanya nini."

Jamani! Tangu siku hiyo sijamwamini binadamu. Mama wa chai akiniuliza kikombe chake kiko wapi, namkagua kuanzia kilemba hadi kandambili. Jumatatu mzee mmoja alikohoa sana kwenye foleni, nikamsogelea nikamwambia, "Mzee, naona una uchungu moyoni."

"Sina uchungu," akasema. "Ni vumbi."

Sasa, leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya zile wiki mbili. Mtu hajaja. Kwa hivyo ni leo tu! Nikapiga pasi shati, nikafika kabla ya wote.

Saa mbili kamili akaingia mwanamume mwenye viatu vinavyong'aa. Vinang'aa! Kakuma hii! Nikamsalimia kwa Kiturkana, "Ejok." Akajibu, "Ejok noi," lakini kwa lafudhi ya mtu aliyejifunza jana kwenye gari.

"Nimetoka Lodwar," akasema. "Nataka kumwona madam."

Lodwar. Kule kule kwa mkufunzi! Madam Rehema, bosi wangu, alikuwa ofisini kwake, mlango hatua tano kutoka kwangu, wala hakuwa na mgeni. Lakini nikajiambia, huyu akiingia moja kwa moja fujo ataizua saa ngapi? Nikamwambia akae asubiri. Nilitaka nione atakavyolipuka.

Hakulipuka. Saa tatu ikafika, ametulia. Akatoa daftari, akaandika kitu. (Ananipa alama!) Nikaona heri nimuwahi. Nikaenda nikachuchumaa kando yake kama tulivyofundishwa.

"Ndugu yangu, nasikia umekasirika."

"Sijakasirika."

"Unasema hujakasirika."

"Ndiyo. Sijakasirika."

"Nasikia unasema ndiyo, hujakasirika."

Akafunga daftari, akauliza hoteli ya karibu iko wapi. Akanyanyua begi lake, likalia kwa vyuma ndani (vifaa vya kuigizia, nikawaza), akaenda zake kunywa chai. Mimi nikabaki najipongeza. Fujo nimeizima kabla haijawaka! Halafu shaka ikanirudia. Na kama yule alikuwa wa kunipumbaza tu, na mwigizaji mwenyewe yuko njiani?

Saa nne na nusu, Mzee Lokwawi, askari wetu wa geti, akachungulia mlangoni. "Kijana, kuna mama anakuja. Amekasirika kweli."

"Hata wewe wamekupanga?" nikamuuliza.

"Nani amenipanga?"

Mama alikuwa ameshaingia, mtu mzima, shanga shingoni hadi kidevuni, mbuzi akimfuata nyuma. Mkononi ana mtungi wa plastiki wa manjano. Akaupiga juu ya kaunta, paa!

"Mkubwa ya hapa ni nani? Pampu imekufa siku tano! Siku tano sisi nachimba mchanga ya mto Tarach kama fisi! Mlisema fundi anakuja leo. Fundi iko wapi?"

Foleni yote ikageuka. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mtungi. Mpya! Karatasi ya duka bado imebandikwa! Mtu anayechota maji kila siku anatembea na mtungi mpya namna hii? Moyo ukaruka kwa furaha. Nimemkamata.

Nikashusha sauti. "Mama, nasikia pampu imekufa siku tano."

"Ndiyo, imekufa!"

"Nasikia mnachimba mchanga."

"Wewe ni kasuku?" akauliza. "Mbona unarudisha maneno yangu?"

Watu wakacheka. Nikaona anaigiza vizuri mno, lazima nimjulishe kwamba nimemtambua, tusichoshane. Nikainama juu ya kaunta nikanong'ona, "Mama, nimeshakujua. Mwambie mkufunzi nimefaulu." Kisha, ili aelewe zaidi, nikamkonyeza.

Ndiyo. Nilimkonyeza.

"Unanikonyeza?" Sauti yake ilifika barabarani. "Mimi? Mimi niko na wajukuu!"

Kijana mmoja Mkongomani kwenye foleni akashika kichwa. "Aah, papa! Huyu anamutongoza mama ya watu!"

Hapo mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikasimama juu ya kiti. "Jamani, tulieni! Huyu mama ni mwigizaji. Ametumwa kutoka Lodwar kunijaribu. Mpigieni makofi!"

Watatu wakapiga makofi. Mzee Lokwawi alikuwa mmoja wao. Mama mwenyewe akageuka nyuma kumtafuta huyo mwigizaji.

Alipoelewa kwamba ni yeye, hakupiga kelele tena. Hilo lilifaa kunitisha, lakini sikutishika. Akafungua mtungi polepole, akavuta kikombe changu cha chai, akamimina. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa.

"Hii ndiyo sisi nakunywa," akasema. "Kama ni mchezo, kunywa."

Nikatabasamu. Kakao, nikawaza. Hawa watu wa semina wamejipanga! Nikainua kikombe, nikawaangalia watu wote kumi na wanne, nikanywa. Chote. Kwa mkupuo mmoja.

Haikuwa kakao. Kwanza ukaja mchanga, ukakaa kwenye meno. Halafu chumvi. Halafu kitu ambacho siwezi kukieleza, isipokuwa kwamba mbuzi alinusa kikombe akanitazama kama anayenifahamu.

"Amekunywa," mtu akasema. "Amemaliza," akaongeza mwingine.

Mlango wa madam ukafunguka. "Kuna nini hapa? Mbona uko juu ya kiti?"

"Madam," nikasema, mchanga ukinichuruzika mdomoni, "mtihani umekwisha. Nimepita."

Nikamweleza. Akatoa simu, akampigia mkufunzi, akaweka sauti ya juu. Sote tukasikia.

"Mtu gani?" mkufunzi akauliza. "Mimi sijatuma mtu. Hayo nayasema kila semina, watu wakae macho."

Wakuu, kicheko kilichopigwa hapo kilimfanya mbuzi akimbie nje. Nilishuka kitini taratibu, nikitamani kiti kiwe kirefu zaidi ili nisifike chini.

Lakini madam hakuwa anacheka. "Na fundi wa pampu? Anatoka Lodwar, alitakiwa afike saa mbili. Umemwona?"

Nikatazama mlango. "Ana... ana viatu vinavyong'aa?"

Tulimkuta hotelini, chai ya nne. Buti za kazi zilikuwa ndani ya begi, na spana zote. Vile viatu alivivaa kwa heshima ya kuja kumwona madam. "Nilidhani nyinyi ni watu wa maombi," akaniambia.

Mimi mwenyewe nikambebea begi hadi kisimani. Mama wa mtungi alikuwa mbele yetu, hasemi na mimi. Fundi alipoanza kufungua nati, nikajikaza nikamfuata nikamwambia, "Mama, nisamehe. Niliona mtungi mpya nikafikiri unadanganya."

Akanionyesha goti, limechubuka lote. "Ule ya zamani ilipasuka. Nilianguka na yeye ndani ya shimo, kule mtoni. Hii nilikopa dukani leo asubuhi."

Kukonyeza kulikuwa aibu ya kuchekesha. Hii haikuchekesha. Nilikaa chini kwenye kivuli cha tangi. Yule mtu wa viatu nilikuwa nimemchelewesha tangu saa mbili, na akina mama wanachimba. Mama akaniangalia, akatikisa kichwa.

"Wewe si mtu mbaya," akasema. "Ni masikio yako tu inasikia vitu watu hawajasema."

Saa tisa maji yakatoka, safi, na mama akanijazia kikombe cha kwanza. Wanawake wote pale walisimama kuniangalia nikinywa. Walikuwa wameshanipa jina, Ngakipi, yaani Maji. Madam naye ameniongezea miezi mitatu ya majaribio, na sharti moja: mtu akiingia, nimuulize amefuata nini, basi.

Sasa niko zahanati, tumbo linanguruma. Naomba msicheke. Daktari wa zamu ameshacheka kwa niaba ya kaunti nzima.