Meli ya Mpingo

Jumatatu, 28 Juni 1976
Nimechoka kudharauliwa. Leo kwenye darasa la watu wazima nimesema baba yangu alikuwa anatia kuni kwenye tanuru la meli ya zamani kule ziwani. Meli ya mbao, ya kuvuta matishali, ina magurudumu ubavuni ya kupiga maji. Wakacheka. Aliyeanza ni wifi yangu Paskalina, dada wa marehemu mume wangu. "Wifi, chombo cha magurudumu si kingetafuta barabara?" Yaani mzee wangu mwongo, na yuko kaburini! Mwalimu Gregory kasema nitengeneze mfano wake. Ukielea lamboni Jumamosi, utapelekwa maonyesho ya Sabasaba, Shinyanga mjini. Utaelea.

Jumanne, 29 Juni
Zipora, mke wa mwanangu, ananishauri nitumie mti mwepesi. Eti, "Mayu, mama yangu, huo mpingo ni mzito." Nimemwambia anyamaze. Mchi wa mti mwepesi umemtwangia nani? Kitu cha heshima ni kizito. Tezo imepata pengo.

Alhamisi, 1 Julai
Mkono umevimba. Magurudumu nimechonga kwa vibao vya sanduku la chai. Bomba la moshi ni ganda la betri. Imependeza hadi nimelia kidogo. Paskalina kachungulia uani, kauliza magurudumu yanashikwa na nini. Nikamweleza yote, hadi unene wa bomba, aumie roho. Kaondoka haraka. Nimemweza!

Jumamosi, 3 Julai
Aibu. Kijiji kizima kilikuwa lamboni, ng'ombe wamefukuzwa kwa ajili yangu. Nikaiweka meli majini. Haikuyumba hata kidogo. Ilishuka tu, wima, kama mtu aliyeitwa na mizimu. Mapovu. Mwalimu kasema taratibu, "Bibi Mbuke, imezama."
"Haijazama, mwalimu. Imetia nanga."
Hakuna aliyekubali. Ndipo Paskalina akafungua kifurushi cha kanga. Meli! Magurudumu, bomba, kila nilichomweleza mwenyewe kwa mdomo wangu. Kaichonga kwa mnyaa mkavu, mti wa uzio! Ikaelea, bata wakaifuata. Mwalimu kauliza ni meli gani. "Ya baba yake wifi," kajibu. "Mzee hakudanganya." Watu wakapiga makofi. Jina la baba limepona, na aliyeliponya ni yule! Njiani hata shikamoo za watoto sikuitikia.

Jumatano, 7 Julai
Wameenda Sabasaba. Paskalina alinitafutia nafasi kwenye lori, nikakataa. Siwezi kupanda gari moja na uzio. Nimeshinda jikoni na moshi, machozi yananitoka, na kuni zenyewe kavu. Zipora kaanza tena habari za mti mwepesi. Mtoto wa watu hana akili. Kosa nimeshaligundua: mpingo ule ulikuwa mchanga, haujakomaa. Mwakani nachukua kiini cha mpingo mzee, cheusi tii, kizito hasa. Na Paskalina akija kuchungulia sitamwambia neno. Labda nimwonyeshe bomba tu, aumie.